Mbegu katika Pindo la Kaniki

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo uzee umeshindwa kunisahaulisha. Tulikuwa bustanini kwetu Ngorongo, na Bibi yangu mzaa mama alikuwa akifungisha maua ndoa. Ndivyo alivyoiita kazi yake.

Ua la boga hufunguka asubuhi moja tu. Jua likipanda, limekwisha. Basi jioni ya kuamkia siku hiyo Bibi huyafunga maua kwa ukambaa wa mgomba, nyuki wasimtangulie. Akishaswali alfajiri, huchukua ua dume la boga la kutoka Mloka, juu ya mto, akalipangusia ndani ya ua jike la boga la kutoka Maparoni, karibu na bahari. La Mloka lina ganda gumu, nguruwe hawaliwezi, ila ni chungu. La Maparoni ni tamu, lakini huoza upesi. Bibi alitaka gumu lenye utamu. Watu walimcheka sana. Misimu ikapita, hata mmea mmoja ukazaa maboga mawili kama alivyotaka. Moja tukalila kwa furaha, la pili tukaliweka.

Mwaka huohuo vita vya Maji Maji vikatufikia. Baba alikunywa dawa ya kugeuza risasi maji, akaenda na wenzake, hakurudi. Askari wa Mjerumani wakachoma ghala, wakachoma na mpunga shambani. Mama alikwisha kufa zamani. Tukavuka mto kujificha kwenye matete: mimi, Bibi, na mdogo wangu Saidi, ambaye Bibi kwa utani alimwita "mume wangu".

Tulikula lile boga la pili. Likaisha. Tukachimba ndiga, mizizi ya porini ambayo usipoiloweka vizuri inakuua. Nayo ikaisha. Zikabaki mbegu za boga, Bibi kazifunga katika pindo la kaniki yake.

"Bibi, nipe moja tu," Saidi alisema.

"Mume wangu, mbegu hailiwi. Akiba haiozi. Tukirudi nitakupandia bustani nzima."

Nikanyoosha mkono kwenye fundo, Bibi akanipiga kofi. Huko kwetu anayekula mbegu ni mtu aliyekwisha kukata tamaa, na Bibi hakukubali kuonekana hivyo. Saidi alikufa ameshika pindo lile la kaniki. Ilibidi tumfungue vidole.

Tuliporudi, Bibi alizipanda zote. Mvua ilikuwa njema, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma hata leo. Mimea ikatambaa, ikazaa. Bibi akapasua boga la kwanza, akaonja, akatema. La pili, vilevile. Yote yalikuwa machungu. Damu ya Mloka ilikuwa imerudi. Akakaa chini katikati ya majani.

"Mume wangu nilimnyima hiki?"

Hakugusa ua tena mpaka tulipomzika.

Huenda kiganja cha mbegu kisingemwokoa Saidi. Mara ngapi nimejiambia hivyo! Lakini angekufa na kitu mdomoni, si na neno la kesho. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu ndiye niliyebaki nayo.

Basi nisikilize. Weka akiba, panda, changanya maua yako upendavyo. Lakini mwenye njaa akikuomba, fungua fundo. Akiba haiozi, ni kweli. Anayeoza ni mtu. Na kesho unayomnyimia leo hujui itakuja na ladha gani.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mwanangu, na mkono mwepesi wa kufungua. Asikuonjeshe boga lile.