Chai Iliyorudishwa Chupani

Ubatizo wa Mama Malogo ulitugharimu boza zima la maji, vitenge viwili vyeupe vya kubatiziwa na chupa moja ya chai. Maji na vitenge nilishavisahau. Chai ndiyo hesabu niliyoirudia, nikairudia tena, na bado haijakaa sawa.

Nilikuwa dalali wa nafaka Singida tangu ujana wangu. Nilishika mtama wa watu kiganjani, nikautajia bei kabla mwenyewe hajashusha gunia. Mume wangu alipofariki na watoto wakatawanyika, kanisa letu, lile ambalo mtaani wanaliita la Wamormoni, likaniita kwenye kazi yangu ya mwisho: umisionari. Kazi hiyo haina mshahara, chakula ni chako, na ukichoka unachoka kwa gharama zako. Kwa mtu aliyekula kamisheni maisha yake yote, yalikuwa mambo mageni.

Siku ya kwanza niliripoti Dodoma kwa rais wa misheni, yaani mkubwa wa wamisionari wote wa eneo lile. Alikuwa sawa na mwanangu wa pili.

"Shikamoo, Dada Mkumbo."

"Marahaba, rais." Kwetu kila mmisionari wa kike ni Dada, hata awe na wajukuu wa kujaza basi dogo.

"Nasikia ulikuwa dalali. Huku lakini hatuuzi kitu."

"Afadhali umesema. Nilikuwa nashangaa mzigo uko wapi."

Akacheka, akanikabidhi mwenzi. Mwenzi ni yule unayepangiwa kufanya naye kazi, na kanuni ni kwamba hamuachani: mnatoka pamoja, mnafundisha pamoja, mnarudi pamoja. Wangu alikuwa Dada Wafula, mjane wa Bungoma, mwanamke wa kutembea haraka na kusema taratibu. Watu hudhani mpweke ni yule asiye na mtu karibu. Mimi nilikuwa na mtu karibu mpaka mlango wa choo. Lakini jioni alipowapigia wanawe simu, akicheka kwa Kibukusu, mimi nikiwa kwenye kigoda nachambua mchicha, ndipo nilipojua nimefika mbali kiasi gani na kwangu. Wangu hawakuwa na desturi ya kupiga.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ipagala, hapo hapo Dodoma mjini, na huko ndiko tulikompata Mama Malogo. Alikuwa Mgogo wa Haneti, mjane kama sisi, watoto wake wako Dar es Salaam. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na benchi, jiko la mkaa na birika kubwa lililopinda mdomo. Kila asubuhi majirani walikaa pale wakanywa chai ya tangawizi kabla ya kwenda kwenye shughuli zao. Hakuwa akiuza. Nilimuuliza siku ya kwanza, kwa mazoea tu.

"Kikombe unatoa bei gani?"

"Bei yake ni kukaa," akasema. "Anayekunywa amesimama simpi."

Wa kwanza kufika daima alikuwa Mama Zaituna, Mrangi kutoka Busi, Mwislamu wa kushika dini, muuza vitunguu. Walikuwa wamezikiana waume. Mama Malogo alipokubali kufundishwa, Mama Zaituna hakununa. Alitusogezea benchi, akasema, "Mfundisheni vizuri, maana huyu kichwa chake kigumu. Mimi nimeshindwa kumfundisha hata kukaanga kitunguu."

Wiki ya mwisho kabla ya ubatizo ndiyo wiki ya kazi yenyewe. Jumatatu tulirudia masomo yote ya mwanzo. Jumatano tulifika kwenye amri ya afya: hakuna pombe, hakuna tumbaku, hakuna kahawa, na hakuna chai ya majani. Dada Wafula alilisoma hilo la mwisho kama alivyosoma mengine. Mama Malogo akaangalia birika lake.

"Hata ya rangi?"

"Hata ya rangi, Mama."

"Na nikiweka majani kidogo tu, ya kubadilisha rangi ya maji?"

Moyoni nikasema, huyu ni mwenzangu. Mimi mwenyewe nilipojiunga nilijaribu kupunguziwa hivyo hivyo, nikakataliwa.

"Hapa hakuna bei ya kuelewana, Mama Malogo," nikamwambia. "Ni ndiyo au siyo."

Akalifunika birika. Kisha akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhesabu. Alisema aliyoyasikia kwetu kuhusu kumwona tena mumewe hajayasikia kwingine, na kwa hilo angeacha hata chumvi.

"Mama Zaituna umemwambia?" nikauliza.

"Nitamwambia."

Alhamisi nikauliza tena. "Nitamwambia, Mkumbo. Kwani nahama?" Ijumaa akaja kiongozi wa kanda, kijana anayewahoji wanaotaka kubatizwa kuona kama wako tayari. Mama Malogo akamuuliza, "Mjukuu wangu, majirani zangu nitawapa nini?"

"Watakuja kwa ajili yako, Bibi. Si kwa ajili ya chai."

Kijana alisema kwa moyo safi. Mimi nimekaa sokoni. Najua watu huja kwa ajili yako, ila lazima pawe na kitu mkononi cha kuwafanya wakae.

Jumamosi boza likaja kujaza kisima cha ubatizo, ambacho ni kama tangi la saruji lenye ngazi kwenye chumba cha kanisani. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza, na maji yalikuwa ya baridi kweli. Ubatizo wetu ni wa kuzamishwa mwili mzima, na mashahidi wawili husimama ukingoni. Kikibaki nje kidole, unarudiwa. Siku hiyo shahidi mmoja nilikuwa mimi. Anayebatiza alikuwa rais wa tawi, msimamizi wa waumini wa pale.

Mara ya kwanza mguu ulipanda juu. "Bado," nikasema. "Mguu." Mara ya pili kiwiko.

Mama Malogo akaibuka anatema maji. "Mkumbo! Hupunguzi hata kiwiko?"

"Kiwiko ni chako, Mama. Kizamishe."

Watu wakacheka, na Mama Zaituna, aliyekuwa amekaa nyuma na kanga kavu magotini, alicheka kuliko wote. Mara ya tatu alizama mwili wote. Nikaangalia, nikaangalia tena, nikakubali.

Alitoka akitetemeka meno. Mama Zaituna akamvisha ile kanga, akamsugua mgongo, kisha akatoa kwenye kikapu chupa ya chai. Alikuwa ameichemsha alfajiri na kuibeba kwa miguu, kwa sababu alijua rafiki yake atatoka majini na baridi. Akamimina. Tangawizi ikajaa chumba kizima.

Rais wa tawi akatazama sakafu. Dada Wafula akanitazama mimi. Mama Malogo akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakaa nacho kama anayeota moto, kisha akakirudisha.

"Nimeiacha, Mama Zai."

"Umeacha nini?"

"Chai."

Mama Zaituna hakugombana. Aliirudisha chai chupani taratibu, bila kumwaga tone, akafunga kifuniko. "Dini yako ni yako," akasema. "Lakini hiki kikombe tumenywea kwenye misiba yote miwili. Leo ndiyo kimekuwa kibaya?"

Akaaga kila mtu kwa heshima, akaondoka.

Tulirudi Ipagala siku zilizofuata. Mama Malogo alichemsha mchaichai, ambao haukatazwi. Majirani walionja, wakauliza nani anaumwa, wakaanza kunywa kwingine. Kabla sijapata la kufanya, ikaja barua ya uhamisho kwenda Mwanza, na mmisionari akihamishwa anaondoka. Nilimwomba rais wa misheni aniache kidogo. Akasema, "Dada Mkumbo, umemaliza kazi yako pale." Nikamjibu kwamba mzigo uliofika na mzigo uliopokelewa ni vitu viwili.

Sasa nimestaafu kazi zote mbili, udalali na umisionari. Niko Singida, nyumba ina vyumba vingi kuliko watu. Sijutii nilichokifundisha, mimi mwenyewe nakiishi. Juzi Mama Malogo alinipigia. Kila asubuhi anawasha jiko na kufuta vumbi kwenye benchi. Mama Zaituna akipita anamsalimia, amesimama.

"Maji yamechemka, Mkumbo," akaniambia. "Sema basi, niweke nini ndani?"

Nilimwambia nitampigia kesho, na kesho hiyo imeshapita. Nyinyi vijana mnaosoma haya, anayejua kitu cha kumfanya Mama Zaituna akae tena kwenye benchi lile, na aniambie. Nitakipeleka Ipagala mwenyewe, na bei utakayotaja sitaomba kupunguziwa.