Siku ya Kumwonyesha Babati

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuja na watoto wake kutoka Dodoma, akasema hakubali tushinde ndani tena. "Baba, leo tunatembea mjini. Wewe na shangazi. Bajaji mpaka sokoni, halafu taratibu kwa miguu mpaka ziwani." Nikatafuta sababu. Nikataja magoti, nikataja jua. Mdogo wangu, ambaye ninaishi naye hapa Bagara tangu mumewe alipofariki, alikuwa ameshasimama, anapapasa ukutani kutafuta kilemba chake.

"Shangazi, utaona mji ulivyobadilika," binti yangu akasema, kisha akajishika mdomo. "Jamani, samahani."

"Samahani ya nini? Twende nikaone. Kaka yangu ndiye asiyependa kuona."

Alisema kwa utani, na wajukuu wakacheka. Mimi utani ule ulinichoma. Babati hii niliwahi kuizunguka na familia nzima mara moja tu, ndugu yangu unayenisoma, nikiwa mtoto wa darasa la nne, na matembezi yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya macho yake.

Tulikuwa tunakaa Sigino. Baba alilima mahindi na maharage, na mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyempenda kuliko alivyotupenda sisi, ndivyo tulivyomtania. Mwaka ule surua ilipita kijijini. Mimi iliniwasha wiki moja ikaniacha. Mdogo wangu ilimwachia wingu jeupe kwenye jicho la kulia. Baadaye baba alipompeleka kwa daktari wa misheni, aliambiwa kwamba jicho la pili nalo linakwenda, na kwamba hapakuwa na dawa ya kulizuia. Labda lingefika mavuno. Labda lisingefika.

Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa nimejibanza nyuma ya zizi baba alipokuwa akimweleza mama. Bibi yetu, mama yake baba, alinikuta pale. Alinishika sikio, hakulivuta, akaninong'oneza kwa lugha yetu: ubaya usiofika hautajwi jina, ukiutaja umeuita. Kwa hiyo nyumba nzima ilijua, na aliyehusika peke yake hakujua. Yeye aliambiwa tu kwamba Jumamosi tunakwenda kutembea mjini, familia nzima, tukaone vitu.

Nakumbuka asubuhi ile kwa pua zaidi. Moshi wa kuni mbichi, maziwa yaliyochemka yakamwagika motoni, na mafuta ya mgando ambayo mama alitupaka mpaka tukang'aa kama sahani. Mdogo wangu alivaa gauni la kanisani. Bibi hakuja nasi, miguu yake ilikuwa imevimba, lakini alimwita mlangoni amsalimie kwanza. Mdogo wangu akapiga goti, akainamisha kichwa, macho chini kwenye vumbi. "Shikamoo bibi." Bibi akaitika "Marahaba," akamsifu, kama kila siku, kwa kuwa mtoto mwenye haya.

Sitaki uikose sehemu hii. Kwetu mtoto hakumkazia mkubwa macho. Mkubwa akisema na wewe, unatazama chini. Akikukemea, unatazama chini zaidi. Mimi nilifinywa sana kwa kosa hilo, nilikuwa na macho makavu. Mdogo wangu hakufinywa hata mara moja. Aliyashika mafunzo ya bibi kama anayeshika yai, na hicho ndicho alichosifiwa kwacho mtaani, kwa sababu kwa sura na kwa sauti alikuwa mtoto wa kawaida tu.

Tukaenda kwa miguu, umande bado kwenye majani, Mlima Kwaraa umefunikwa na wingu kichwani. Baba alianza palepale. "Mwanangu, tazama mlima." Sauti yake ilikuwa imekaza, si sauti tuliyoizoea. Mdogo wangu akasikia sauti ya kukemea, akatazama chini.

Mjini baba alituzungusha kila mahali. Stendi, ambapo malori na mabasi yalikuwa yananguruma na utingo wanapiga mabati kwa viganja. Barazani kwa mafundi cherehani. Mashine ya kusaga, yenye watu weupe kwa unga kama waliofufuka. Sokoni mama alimnunulia andazi, na harufu ya kambare wa kukaanga ilitufuata mpaka barabara kuu. Kila tulipofika baba aliinama, akaweka mkono begani kwake, akasema, "Umeona? Hebu tazama vizuri. Tazama lile." Na kila mara yule mtoto, mkono wa baba ukiwa mzito begani, alijibu kwa adabu, "Ndiyo baba," akiyatazama makubazi ya baba ya matairi.

Nilijua. Nilikuwa na umri wa kujua. Ningeweza kumvuta pembeni nikamwambia, acha kuona haya leo, inua kichwa, utazame kila kitu. Lakini nilimwogopa bibi, na, nikiwa mkweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa mjini. Sikutaka siku yangu iharibike kwa jambo ambalo hata halijafika.

Palikuwa na mpiga picha kwenye baraza la duka, ana kitambaa chenye maua amekitundika ukutani. Baba alitaka tupige picha ya familia. Mama akamvuta kando, nikamsikia: "Picha ya nini, Baba watoto? Yeye hataiona. Bora tupande basi, alione ziwa lote kwa mara moja." Baba akakubali. Kwa hiyo hatuna picha. Hatuna hata moja ya mama.

Basi lilikuwa la upande wa Kondoa, sisi tushuke Bonga kisha turudi. Lilikuwa limejaa, zikabaki nafasi mbili za pamoja, moja tu ya dirishani, upande wa ziwa. Baba na mama hawakusema kitu, walidhani nimeelewa kwamba ile ya dirishani ni ya mdogo wangu. Nikaruka nikaikalia.

"Mpishe mwenzako," mama akasema.

"Nitatapika, mama. Nisipopata upepo natapika."

"Tangu lini?"

"Tangu leo!"

Abiria wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mwache dume, asije akatutapikia mizigo." Mama alinitazama. Alinitazama kwa muda, na mimi nikageukia dirishani nisikutane na macho yake. Safari nzima niliangalia nje. Niliona maji yakimeta kati ya matete, ndege weupe, na migongo ya viboko kama mawe yaliyopakwa mafuta. Nilipiga kelele kwa kila nilichokiona. Mdogo wangu alikaa mapajani kwa mama, katikati ya watu waliosimama, akimtazama kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti.

Wakati wa kurudi tulishuka karibu na ziwa, na hapo ndipo baba aliposhindwa. Jua lilikuwa linaegemea. Wavuvi walikuwa wanamwaga perege kwenye vikapu, viboko wanaguna mbali. Baba alipiga magoti matopeni, mtu mzima, suruali yake ya kanisani. Akamshika mdogo wangu kidevu akakiinua. "Tazama ziwa. Haya, basi mtazame mama yako. Mtazame mama yako usoni! Nitazame mimi!" Alikuwa anapaza sauti bila kujua. Wavuvi wakageuka.

Mdogo wangu akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, uso wote ukakunjamana, kama anayesubiri kofi.

"Mwache," mama akasema. "Mwache, umemtisha."

Baba akamwachia. Akabaki vilevile kwenye magoti, analia kwa sauti ambayo sikujua kama mwanaume anayo. Mdogo wangu naye akalia, akisema, "Nisamehe baba, sitarudia." Hakujua kosa. Alijua tu kwamba kwa kuwa baba analia, lazima yeye ndiye mwenye kosa. Tukashika njia ya Sigino. Giza lilituingilia, na mama alimbeba mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kutobebwa.

Jicho halikufika mavuno. Asubuhi moja, mahindi yakiwa bado yanabeba, mdogo wangu alitoka nje kusalimia kama kawaida yake. Akapiga goti mbele ya kigoda cha bibi, akainamisha kichwa. "Shikamoo bibi." Kigoda kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kibuyu cha maziwa mkononi. Alikiweka chini taratibu, akaja, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Inua macho, mjukuu wangu," akasema. "Inua macho. Nakuruhusu." Mdogo wangu akayainua. Yalielekea zizini.

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni. Nilipofika kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Bibi na baba walifuata kwa zamu yao. Nikapata kazi mbali, nikapata familia, na kwa miaka mingi nilirudi nyumbani kama mgeni wa sikukuu, nikiwa na mikate na kanga za zawadi. Mdogo wangu hakuniuliza lolote. Ila mara moja, miaka mingi iliyopita, aliniomba nimweleze mama alikuwaje usoni, na mimi nikamwambia kwa haraka kwamba alikuwa mweusi wa kung'aa, na alikuwa na mwanya. Alifurahia sana ule mwanya. Niliondoka na basi la asubuhi, na njiani ndipo nikakumbuka kwamba mwenye mwanya alikuwa bibi.

Basi, Jumamosi iliyopita bajaji ilitushusha sokoni. Dereva, kijana mchangamfu, alitupa shikamoo mbili za mkupuo, akamshika mdogo wangu mkono mpaka kwenye lami. Hakuna tena baraza la mafundi cherehani, pana jengo la ghorofa na maduka ya simu. Mashine ya kusaga sikuiona. Bodaboda zinapita kama nyuki. Mjukuu mmoja alimsimulia mdogo wangu kila kitu, rangi za vibao, nguo za watu, mpaka wingu la Kwaraa, na yeye alitembea amenyoosha uso mbele, anatabasamu, akiuliza, "Na kule je? Na huyo anayecheka amevaaje?" Kile alichokuwa akitaka baba, alikifanya sasa.

Ziwani tulikaa kwenye majani. Watoto walikwenda na mama yao kutafuta viboko. Harufu ya tope na samaki ilikuwa ileile.

"Kaka," akasema, "hapa ndipo baba alipolia."

"Ndipo."

"Nilidhani nimemkosea. Mpaka bibi aliponiambia inua macho, ndipo nikaelewa safari ile ilikuwa ya nini." Akacheka kidogo. "Unajua nilichoona mjini siku ile? Miguu. Makubazi ya baba, lile la kushoto lilikuwa na msumari. Miguu ya mama, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Na yule kuku. Yule kuku namjua kuliko ninavyomjua mama."

Nilichuma jani nikalizungusha vidoleni.

"Wewe ulikuwa na macho. Niambie tena. Mama alikuwaje?"

Ndugu yangu, nilitafuta. Nilikaa mbele ya ziwa lile nikatafuta kwa nguvu zangu zote. Niliona mafuta ya mgando kwenye vidole vyake. Nilisikia "Mpishe mwenzako." Niligeuka kutoka dirisha lile la basi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niligeuka, na kwenye kiti kile hapakuwa na uso.

"Sikumbuki," nikasema. "Ule mwanya ulikuwa wa bibi. Nilikudanganya. Sikumbuki uso wake hata kidogo."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Akanigeukia, akasema, "Watu walikuwa wanasema wewe ndiye uliyemrithi. Sura yote. Hebu sogea."

Nikasogea. Akaweka viganja vyake usoni pangu. Alianza kwenye paji, akashuka kwenye nyusi, kwenye mashimo ya mashavu, akapita juu ya mikunjo polepole, kama anayefukua. Nilitamani, Mungu anajua, nilitamani ampate. Vidole vilifika kwenye midomo, kwenye ndevu zangu nyeupe, kwenye ngozi ya shingo iliyolegea, vikasimama.

"Siye," akasema. "Huyu ni mzee. Mama hakuzeeka."

Akarudisha mikono yake mapajani, na kwa mara ya kwanza siku ile, akainamisha uso chini.