Nililea kinyonga aliyezaliwa mbele yangu hapa Kiamunyi, karibu afe kiu kando ya maji

Niaje wakuu. Hii ilinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mkikataa kuamini nitawaelewa, hata mimi bado sijatulia.

Mimi ni firstborn. Wazazi walifariki nikiwa Form Two, nikatoka shule, na tangu hapo naishi na dada yangu mdogo, Njeri, kwa single room. Kazi yangu ni kukata fence na kufyeka compound za watu.

Jioni moja natoka job, nikakuta majirani wamesimama kwa gate ya ploti. Walikuwa wameua kinyonga kwa mawe. Huku kwetu wengi wanaamini ni mkosi. Haguswi, anapigwa kutoka mbali.

Nikainama nimtoe njiani. Tumbo lilikuwa limepasuka, na ndani kitu kilikuwa kinatikisika. Nikadhani ni minyoo.

Wakuu, walikuwa watoto.

Maisha yangu yote nilijua hawa wanataga mayai. Kumbe kuna wale wa huku kwa baridi wanaozaa. Wote walikuwa wamepondeka isipokuwa mmoja, mdogo kuliko njiti ya kiberiti, macho yanazunguka kila moja upande wake. Nikamchukua na jani.

Mama Brian, jirani wa mlango wa pili, akarudi nyuma.

"Weka hiyo kitu chini. Nyinyi mmezika baba na mama, na bado unaingiza mkosi kwa nyumba?"

Njeri alikuwa nyuma yangu na uniform yake, na alisikia kila neno.

Hapo ndipo nilijua huyu mnyama lazima aishi. Akifia kwetu, Njeri angeyabeba hayo maneno mpaka uzeeni.

Tukamwekea tawi ndani ya ndoo kuukuu, juu tukafunika na kipande cha neti. Njeri akawa anatega nzi wadogo kwa maganda ya ndizi. Kinyonga aliwala vizuri sana, ulimi ukitoka hata huuoni. Maji nikamwekea kwa kifuniko cha soda.

Baada ya siku kadhaa akakataa chakula. Macho yakaingia ndani, ngozi ikawa nyeusi. Nikamsogezea maji mpaka karibu na mguu. Hakuyaangalia.

Kila asubuhi kwa bomba Mama Brian alikuwa anauliza kama bado kinapumua. Nilikuwa najibu ndio, lakini sikuwa na uhakika wa kesho yake. Njeri aliacha kuuliza kabisa, na hiyo ndiyo iliniumiza.

Jumapili Njeri alikuwa anapiga nguo ya kanisa pasi ya makaa karibu na ndoo, ananyunyizia kitambaa maji na vidole. Matone mengine yakapita kwa neti yakaanguka kwa tawi.

Kinyonga akatembea. Akafika kwa jani lenye matone na kuanza kuyalamba moja baada ya lingine, hakusimama.

Nilishtuka hadi nikakaa kitandani. Maji yaliyotulia kwenye kifuniko, kwake hayakuwa maji. Yeye hunywa umande.

Njeri hata hakuinua pasi. Alisema tu, "Kevo, hakuwa na mkosi. Alikuwa na kiu."

Nguo iliungua kidogo. Tukaenda kanisani hivyo hivyo.

Alipopata nguvu tulimwachilia kwa fence ya miiba ya kayaba ya mteja wangu. Na msiniige: baadaye niliambiwa huyu ni mnyama wa porini, kumfuga bila kibali ni makosa. Mama Brian alituona tukirudi na ndoo tupu, akauliza amekufa lini. Njeri akamjibu, "Ameenda kwao, mathe."

Nilichojifunza: nilimlaumu mnyama kwa kukataa maji, kumbe mimi ndiye sikujua kuyapeana.

Wa Molo na Karagita, nyinyi mliambiwa nini kuhusu kinyonga mkiwa wadogo? Andikeni hapo chini. Na ukimkuta mmoja kwa gate, kabla ya kuokota jiwe, angalia tumbo.