Sentimita Saba za Mguu wa Gitaa

Nilipunguza sentimita saba kwenye miguu ya gitaa lisilo langu, huko Kakuma, na vipimo nilivyotumia vilikuwa sahihi. Nilivirudia mara tatu. Jumapili iliyofuata, mama anayelipiga alishindwa kumaliza wimbo wa pili.

Si gitaa la kubeba begani. Ni gitaa la pedali: limelala kama meza nyembamba juu ya miguu minne ya chuma, nyuzi zikitazama juu, na mpigaji huketi nyuma yake. Mkono wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia hudonoa. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali, na magoti husukuma vyuma vinavyoning'inia chini ya gitaa ili kubadilisha sauti. Kiti kikiwa chini mno, mabega hupanda na shingo huuma. Kikiwa juu mno, mgongo hupinda na mapaja hubana. Kipimo kizuri ni kile ambacho mikono inalala sawa, kisigino kinatulia sakafuni, na goti linafikia chuma chake bila kuinuliwa.

Haya niliyajua kwa maumivu yangu mwenyewe. Ninalo gitaa kama hilo Lodwar, nililolinunua Nairobi kwa mtu aliyekuwa akipiga muziki wa kantri hotelini. Mwaka wa kwanza niliumwa mgongo kila nilipolikalia, mpaka nilipoacha kiti cha plastiki na kuchongesha benchi fupi lisilo na egemeo. Tangu hapo, nikimwona mtu ameketi vibaya, mkono wangu unatafuta futi ya kupimia.

Mama wa Kakuma nilikutana naye nilipokwenda kuandika habari ya kwaya za kambi ya wakimbizi. Ni Mkongomani, anaongoza kwaya ya kanisa lake, na upigaji alifundishwa na baba yake kwao Kivu, kwa gitaa la kawaida lililolazwa mapajani. Hili la pedali liliachwa kanisani na mhubiri mgeni. Lilikuwa refu kwake. Ili magoti yafikie vyuma, alilazimika kuinua visigino muda wote wa ibada, na baada ya nyimbo tatu mguu wa kushoto ulikuwa ukifa ganzi hadi vidoleni. Wazee wa kanisa walikuwa wameona. Walimwambia kwa upole kwamba kama hadi Pasaka atakuwa bado hawezi kukaa ibada nzima, gitaa litahamia tawi la Kalobeyei, ambako kuna mwanamume anayeweza kulipiga.

Alinieleza hayo kama mtu anayetaja habari ya mvua. Lakini alikuwa ameshika ukingo wa gitaa, na hakuuachia hadi tulipoagana.

Muda si mrefu akapata kibali cha kutoka kambini kuja hospitali Lodwar kwa ajili ya mguu uleule. Daktari akampa dawa za kuchua na tarehe ya kurudi. Kutoka hospitali akapitia kwangu. Alivua viatu mlangoni kama mgeni yeyote, nikampa chai, kisha nikamketisha kwenye benchi langu, mbele ya gitaa langu. Tulipandisha, tukashusha, tukasogeza. Mwishowe akapiga nyimbo tano mfululizo, na nilipomuuliza habari ya vidole akasema vipo vyote. Nikaandika kila kitu kwenye daftari: kimo cha benchi, nafasi kutoka sakafu hadi chini ya gitaa, umbali kati ya goti na chuma.

Ukilinganisha na gitaa la kanisa, tofauti ilikuwa sentimita saba. Miguu ya gitaa la pedali kwa kawaida hurefushwa na kufupishwa kwa skrubu, lakini ya lile ilikuwa imeshika kutu. Basi nikalipeleka Kakuma mjini kwa fundi wa kuchomelea, Mturkana mcheshi ambaye kazi yake kubwa ni mageti. Tulisalimiana kwa Kiturkana, ejok, nikamweleza. Alilizunguka gitaa mara mbili, akauliza kama nina hakika. Nikamwonyesha daftari. Akakata kila mguu katikati, akatoa kipande, akachomelea tena. Fito nyembamba zinazounganisha pedali na gitaa tukazikata pia.

Jumapili nikakaa benchi la nyuma. Kwaya iliingia ikicheza, wote kwa kitenge kimoja, na mama alikuwa mbele yao amevaa viatu vyeusi vyenye visigino virefu.

Nilijua kabla hajaketi. Magoti yake yalipanda yakagota kwenye vyuma na kubaki hapo. Uzi mmoja ukawa unavutwa muda wote, ukipiga sauti ya juu kuliko waimbaji. Katika wimbo wa pili akaacha kupiga, akasukuma benchi nyuma, akamalizia kwa kuimba tu. Mzee mmoja akamwinamia mwenzake sikioni.

Baada ya ibada nilimwomba msamaha, kisha nikasema lile nililodhani ni suluhisho rahisi: avue viatu anapopiga, tu.

"Siwezi," akasema. "Kwetu mwanamke akienda mbele ya watu bila viatu, wanauliza nani amekufa. Mimi nilishakwenda hivyo, siku ya kuzika bwana yangu. Inatosha."

Nikasema angenieleza siku ile Lodwar.

"Ulinipima nyumbani kwako, papa. Nyumbani kwako mimi mgeni, nilivua. Hapa ni kwangu."

Nimefanya kazi ya kuuliza maswali miaka mingi, na sikuwa nimemuuliza anapiga akiwa amevaa nini.

Jumatatu nilirudi kwa fundi na gitaa, na kiatu kimoja cha mama mkononi. Alicheka hadi akakaa chini. "Mwandishi," akasema, "umekata gitaa la Mungu, sasa unataka nilioteshe miguu?" Nikamuuliza vile vipande vya chuma viko wapi. Viwili vilikuwa tayari bawaba za geti la mtu.

Mama alikuja na kiatu cha pili, akaketi katikati ya karakana, amevaa vyote viwili, kati ya cheche na mabati, na tukampima upya. Ilionekana gitaa lilipaswa kupungua sentimita mbili tu. Fundi akakata tena miguu, akaunga bomba jingine la sentimita tano juu ya pedali, kwa sababu pedali zimefungwa kwenye miguu hiyohiyo; angeongeza chini, nazo zingepanda. Fito zilizokuwa fupi akazitupa na kutengeneza mpya kwa spoku za baiskeli, mbili mbili zimeunganishwa. Miguu sasa ina makovu mawili mawili, na mmoja umepinda kidogo. Mama alipiga palepale, akasimama, akazunguka, akaketi tena. Alisema inafaa.

Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka nilikuwa Kakuma tena. Alipiga ibada nzima, nyimbo saba, kwa viatu vyake. Mabega yalikuwa chini, visigino vimetulia. Wazee waliitikia kwa vichwa. Lakini vipimo vile vilikuwa vimenizoesha kutazama miguu yake, na niliona kwamba tangu wimbo wa tano hakuigusa tena pedali ya kwanza, ile ya mwisho kushoto. Sauti ambazo zilihitaji pedali hiyo alizitafuta kwa kutelezesha chuma, kama alivyofundishwa na baba yake. Hakuna mwingine aliyetambua.

Nilimuuliza mlangoni mguu unaendeleaje. Akasema Mungu ni mwema, akageuka kusalimia watu. Wazee watakaa kikao baada ya Pasaka kuamua gitaa libaki wapi. Tarehe ya kurudi kwa daktari Lodwar ni wiki hiyohiyo, na hadi leo hajaomba kibali.