Macho ya Kadii Yaliyochelewa

Kadii wa Lewa alizaliwa kijijini Jilore na mtoto wa jicho pande zote mbili, mboni nyeupe kama tui. Wazee wa ukoo walikutana, wakala mbuzi, wakaamua kwamba mtoto ni mdogo mno kupelekwa hospitali. Angojewe akue kwanza. Akangojewa miaka ishirini na sita.

Hakukaa bure. Alishona makuti upesi kuliko wanawake wenye macho yao, na watu aliwatambua kwa hatua na kwa kikohozi. Aliyeyahitaji macho ya Kadii hasa ni Mchungaji Gerishom, mtu wa bara, ambaye mwaka wa tatu ulikuwa ukimwishia Jilore bila muujiza hata mmoja. Mwaka 1984, madaktari wa macho walipopiga kambi mjini Malindi, alimpakia Kadii kwenye gari la kanisa yeye mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kadii alirudi na miwani minene kama kitako cha chupa, na Jumapili akasimamishwa mbele ya waumini.

"Waambie unaona nini!"

"Naona mwanga, Mchungaji. Na rangi. Zinagongana."

Gerishom akamvuta mamake Kadii mbele. "Na huyu ni nani?"

Kadii akatazama sana. "Ni kitu kirefu. Juu cheusi, chini buluu."

Mama akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, ni mimi."

"Mama!"

Haleluya zikapasua mabati. Hakuna aliyejali kwamba kazi yote imefanywa na sikio.

Wiki zilizofuata Kadii alijigonga milangoni, akaruka vivuli akidhani ni mitaro. Makuti aliyashona akiwa amefumba macho. Kijiji kikamhukumu: ana kiburi, hana shukrani, anajifanya. Phineas, mzee wa kanisa, alimfundisha kuona kwa kumpigia kelele, kana kwamba ugonjwa ulikuwa wa masikio.

Alirudi Malindi kwa Ochola, tabibu wa macho aliyemhudumia kambini.

"Mbona sioni watu?"

"Dada, jicho linaingiza mwanga tu. Anayeona ni ubongo, nao hujifunza utotoni. Mtoto akitazama uso wa mamake kila siku, njia za kuonea hujengeka kichwani. Wewe hukutazama chochote, na ile sehemu ikashika kazi nyingine."

"Kwa hiyo mmenifungulia mlango wa nyumba isiyo na mtu?"

"Mtu yumo. Ila amezoea kusikiliza. Utajifunza kidogo kidogo. Si yote."

"Ningeletwa lini?"

"Ulipokuwa na wiki chache tu."

Kadii aliaga akarudi nyumbani. Huko ndiko alikolia.

Mwaka 1986, Nyevu, mke wa Mramba, kaka yake Kadii, alizaa mtoto wa kiume, Dena. Mboni nyeupe. Wazee wakakutana, wakachinja mbuzi, na hata kabla nyama haijaiva walikuwa wamekwisha kukubaliana: mtoto angojewe akue.

Kadii akaingia bila kuitwa. "Mimi ndiye mliyemngoja, wazee wangu."

"Na leo si una macho?" akauliza mzee Mwambire. "Tulikosea wapi?"

"Mzee, shikamoo. Nimekutazama tangu nilipoingia. Kama hungefungua kinywa, ningedhani ni gunia la mahindi."

Mramba aliangua kicheko. Mwambire akaomba mchuzi. Alfajiri Kadii na Nyevu walikuwa njiani kwenda Malindi, Dena mgongoni, wiki yake ya saba. Ochola aliwatafutia daktari wa kumpasua.

Alipotimiza mwaka, Dena, miwani yake imefungwa kwa mpira kisogoni, alimwona babake ng'ambo ya shamba akamnyooshea kidole. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Kadii aliuliza mara mbili kama ni kweli, Nyevu akaapa.

Gerishom alidai ibada ya shukrani; Kadii hakwenda. Mwambire naye aliwasimulia wageni jinsi wazee walivyohimiza mtoto apelekwe upesi, na Kadii hakumkatiza. Nyuso hakuzijua kamwe. Ila Nyevu alikuwa mjamzito tena, na Kadii alikuwa amekwisha kumuuliza Ochola siku anazopima macho ya watoto wachanga.