Damu ya Kaniz Haikutaka Barafu

Kwa miaka ishirini na sita Allah Ditta amepima damu katika maabara ya hospitali ya mji wa Jhang, na hakuna kipimo kilichomkera kama kile cha protini zinazoganda kwenye baridi, zile zinazoharibu mishipa na figo. Si kwamba ni kigumu; kinataka adabu tu. Kichupa kipashwe joto, damu ibaki na joto la mwili mpaka itengane, ndipo maji yake ya juu yatiwe kwenye friji na kungojwa, hata wiki nzima. Damu ikipoa njiani, protini huzama na chembe nyekundu, na jibu hutoka safi, la uongo.

Lakini joto la Juni ya Jhang limemfundisha kila mtu barafu. Wauguzi hutia damu barafuni kama wanavyotia maziwa.

Kichupa cha Kaniz, mfyatua matofali, kilifika kikitoa jasho. Fomu ilisema: homa ya ini aina ya C, madoa mekundu miguuni, damu kwenye mkojo. Allah Ditta akapanda wodini na chupa ya chai iliyojaa maji ya vuguvugu ya kutunzia kichupa.

"Daktari sahib, hii imepoa. Niruhusu nitoe nyingine mwenyewe."

Daktari Tiwana hakuinua macho. "Chacha, mzee wetu, umekuja kutuuzia chai?"

Wanafunzi wa udaktari waliomzunguka wakacheka.

"Wiki hii umeniagizia vipimo hivi kumi na kimoja, sahib. Mke wa mkuu wa polisi vidole vinamuuma kwa kiyoyozi, kapimwa mara mbili. Mwenye dalili ni huyu mmoja, na ndiye tuliyemharibia."

"Nimesoma miaka yote hii nije kufundishwa na muosha vichupa? Pima ulicholetewa!"

Kaniz akanyoosha mkono. "Chukua tu, kaka. Ninayo tele."

"Shusha mkono, mama," daktari akasema.

Allah Ditta akaandika kwenye fomu kwa wino mwekundu: *Damu ilifika imepoa. Hakuna jibu. Irudiwe.* Kompyuta ya karani ilikuwa na nafasi mbili tu, ipo au haipo. Karani akabonyeza haipo. Kaniz akarudishwa tanurini na vidonge vya mzio, kwa kuwa hospitali ile ilimheshimu aliyesoma zaidi, si aliyejua zaidi.

Agosti aliletwa tena, uso umevimba. Daktari wa zamu, binti mgeni, aliagiza kipimo upya. Allah Ditta alitoa damu mwenyewe, akashuka ngazi kichupa kikiwa kwapani. Siku ya tatu frijini, weupe kama mtindi ulikuwa umetuama chini: protini zile.

Alipopeleka jibu, Kaniz alikuwa amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zilikuwa zimekwisha.

"Sasa limetoka," Tiwana akasema.

"Lilikuwepo tangu Juni, sahib."

"Juni karatasi ilisema haipo. Mimi natibu kwa karatasi."

Kaniz akafumbua macho. "Kaka, safari hii damu yangu imekubali?"

"Imekubali, dada."

"Alhamdulillah. Basi nitapona niwahi tanuri likiwashwa tena mvua ikiisha."