Miaka minne ya kugawanya 11,111,111,111 kwa mkono, na nilichopoteza

Wakuu, salaam kutoka Mpanda. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, shule ya msingi huku Kasokola. Likizo moja nilipata wazo: hii namba 11,111,111,111, yaani moja kumi na moja zimepangana, ni namba tasa? Haigawanyiki kabisa zaidi ya kwa moja na kwa yenyewe?

Kwa msiopenda hesabu: unaigawanya kwa kila namba tasa mpaka ufike 105,409. Zikikataa zote, basi ni tasa. Ni kama mara elfu kumi hivi.

Nikaamua kufanya kwa mkono. Najua computer zipo. Nilitaka na mimi niwe na kitu changu, maana nimefundisha kugawanya miaka ishirini na hakuna anayenijua.

Nilikuwa naishi na mama, mjane, miguu imeanza kumsumbua. Aliniomba kitu kimoja tu, nimpeleke Karema akamuone mdogo wake. Kila likizo namwambia nikimaliza namba tutaenda.

Siku moja akaniuliza, taratibu tu: "Baba, ikishajulikana haigawanyiki, halafu?"

Nikamjibu, "Mama, acha kwanza nimalize."

Mwaka wa tatu presha ikamchukua. Nikazika, nikakaa wiki mbili, nikarudi kwenye counter book, yale madaftari makubwa ninayogawanyia. Nadhani nilikuwa nakimbia msiba.

Mwaka wa nne nikamaliza. Zote zimekataa. Nikaenda stationery moja Kashaulili nichapiwe matokeo. Dada wa pale akasoma, akaiingiza namba kwenye simu yake, akanigeuzia kioo.

21,649 × 513,239.

Nilirudi home nikatafuta ukurasa wa 21,649. Ulikuwa kwenye counter book za mwaka wa kwanza. Hatua ya mwisho kabisa, tisa mara nne, nilitakiwa kujumlisha nane ya mkononi. Nilijumlisha saba. Nikapata baki kumi wakati jibu ni sifuri.

Yaani ningejumlisha vizuri, kazi ingeishia pale pale. Mama alikuwa bado anatembea.

Nililia wakuu, mtu mzima.

Baadaye nikaenda Karema peke yangu. Mama mdogo alikuwa mgonjwa, hata msibani hakuweza kuja. Akanikaribisha vizuri, tukala, ndipo akasema: "Dada kila likizo alisema anakuja. Mwanangu, nilimkosea nini?"

Nilimwambia hajamkosea kitu. Sababu yenyewe nilishindwa kuitaja. Unaanzaje?

Nilichojifunza: ile namba ingekaa hivyo hivyo hata miaka mia, haina haraka na mtu. Mama hakuwa na hiyo miaka. Kama mzazi wako anaomba umpeleke mahali, funga daftari, mpeleke.

Kama kuna mtu humu aliwahi kuchelewa hivi, naomba aniambie anaishi nayo vipi. Na wa kunisema, semeni tu, nitasoma zote.